Dozi Sita za Dawa Mseto: Kemia Iliyo Mikononi mwa Mgonjwa

Wagonjwa wengi wa malaria huniambia kwamba waliacha dawa mseto siku ya pili, mara homa iliposhuka, na vidonge vilivyosalia wakavitunza kwa ajili ya siku nyingine. Siwalaumu. Sisi watoa huduma huwaandikia ratiba bila kuwaeleza sababu yake, na sababu hiyo imo katika kemia ya dawa.

Mwaka 1972, timu ya Tu Youyou nchini China ilitenga artemisinini kutoka katika mmea wa Artemisia annua. Nguvu ya dawa hiyo imo katika atomi mbili za oksijeni zilizoshikamana. Zikikutana na madini ya chuma ndani ya kimelea, huzaa kemikali zinazokiangamiza. Lakini artemisinini haikuyeyuka vyema katika maji wala katika mafuta. Wanakemia wakaziacha atomi hizo mbili mahali pake, wakabadili sehemu nyingine ya molekuli. Hivyo ikapatikana artemeta, inayoyeyuka katika mafuta, na artesuneti, inayofaa kwa sindano ya mshipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulionyesha kwamba watoto wenye malaria kali waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, ilhali waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9.

Tatizo moja lilibaki. Artemeta huua vimelea kwa kasi, kisha hutoweka katika damu baada ya saa chache. Ndiyo maana ikaunganishwa na lumefantrini, ambayo hudumu kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Nayo lumefantrini, ikimezwa bila chakula, hufyonzwa kidogo mno.

Basi dozi 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, si utaratibu wa makaratasi. Homa hushuka kabla vimelea havijaisha, na anayeacha dawa hapo huviachia nafasi ya kuongezeka tena. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Hatuna dawa ya kuchezea.

Kwa maoni yangu, maelezo haya ni sehemu ya tiba. Mtoa dawa, kabla ya kukabidhi pakiti dirishani, muulize mgonjwa atakula nini na dozi yake. Nawe mgonjwa, usipoelezwa, uliza.