Kuku Naye Yumo Katika A-WA

Vijana wanaojitolea kugawa vipeperushi vya haki za wanyama vyuoni wanatenda jema. Ila kipeperushi kilichofasiriwa neno kwa neno huishia kufungia karanga.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na bado njiani Kilwa hadi Lindi kuku ananing'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli. Tazameni nilivyosema: kuku *ananing'inizwa*, sikusema kinaning'inizwa. Sarufi yetu imempa mnyama upatanisho ule ule wa mtu. Hoja hiyo mwanachuo wa ualimu haihitaji mkalimani.

Washairi wenzangu, kazi hii ni yetu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala alitumia ngonjera kueneza siasa ya Ujamaa, kwa kuwa lililokaririwa halitupwi jalalani. Basi atakayekwenda Chuo cha Ualimu Nachingwea na karatasi zake, tumpe pia beti chache, kuku na mchuuzi wakijibizana. Karatasi itasomwa siku moja; beti, mwalimu yule atawafundisha watoto mpaka astaafu.