MASEGA YA GARI: KUYANG'OA KUNA FAIDA GANI?



Hapa Ipole, wilayani Sikonge, ukitaja masega watu hufikiria mizinga na asali. Lakini masega yaliyoniletea mgonjwa hivi karibuni ni ya gari. Alikuwa dereva wa kirikuu, anayebeba ndoo za asali na bidhaa za dukani kati ya hapa njia panda na Tabora mjini. Alilalamika kichwa kumgonga, kichefuchefu na mwili kulegea, na tayari alikuwa amejipa jibu kuwa ni malaria. Tukapima damu, hakuna malaria. Nikamwekea kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, nacho kikasoma vizuri. Kilichonishtua ni pale aliposema kuwa utingo wake naye anaumwa vivyo hivyo, na kwamba wote wawili wakilala nyumbani huamka wazima.

Malaria haiponi kwa kushuka kwenye gari. Tukatoka kuliangalia. Wiki mbili kabla, fundi alikuwa amemshawishi auze masega, akayakata na kuunga bomba tupu mahali pake. Kiungio kilikuwa hakikuziba, na moshi ulivuja chini ya sakafu. Nawe unajua, msomaji, kirikuu injini yake iko chini ya viti.

Ndani ya mfuko ule wa chuma kuna kigae chenye matundu madogo mengi, mfano wa sega la nyuki hasa, kilichopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana kuna wanunuzi. Moshi wa petroli ukipita humo ukiwa wa moto, gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa ile hewa tunayoitoa puani, na mafuta yasiyoungua humaliziwa kuunguzwa. Ukiyang'oa, sumu yote hutoka kama ilivyozaliwa. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, hivyo hudanganya. Mama mjamzito anayepewa lifti ya kuja kliniki yuko hatarini zaidi, kwani mtoto aliye tumboni huathirika hata pale mama anapojiona hana neno.

Sasa, faida. Mafundi husema gari itakuwa nyepesi na itapunguza kula mafuta. Masega mazima hayaizuii injini kwa kiasi ambacho dereva wa barabara zetu atakihisi. Masega yaliyoziba kweli huikaba, lakini mara nyingi yamezibwa na ugonjwa mwingine: injini inayokula oili, au plagi isiyochoma vizuri hadi petroli mbichi ikaenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Kuyakata ni kama kumpa mgonjwa panadol na kumwacha na jipu lake. Na kwenye gari zenye sensa, taa ya injini huweza kubaki inawaka, kisha ukija ubovu wa kweli huwezi kuujua.

Niwatendee haki mafundi wa zamani. Wakati petroli yetu ilipokuwa na madini ya risasi, masega yaliharibika upesi, na kuyatoa kulikuwa na hoja. Lakini nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Hoja imekufa, mazoea yamebaki. (Fuso nyingi za zamani zinazopita hapa kwenda Rungwa na Mpanda hazikuwahi kuwa na masega, kwa hiyo wenye nazo msihangaike kutafuta cha kuuza. Ila moshi wa dizeli nao, tangu Juni 2012, Shirika la Afya Duniani linauhesabu miongoni mwa visababishi vya saratani.)

Najua atakayesema kuwa moshi wa jikoni na wa mabani ya tumbaku unatuumiza zaidi hapa kwetu kuliko wa magari. Ni kweli, nami nimeshauandikia. Hilo halihalalishi kumwongezea sumu mama anayeuza asali pembeni ya gari linalonguruma.

Kuna jambo jingine ambalo nililisoma madrasa kabla sijasoma utabibu. Gari lile lilikuwa la tajiri wake. Masega ni sehemu ya amana aliyokabidhiwa, na fedha alizopata, ambazo hazikufika bei ya tairi mbili, hazikuwa zake. Na mwenye gari anayeyang'oa kisha akauza gari bila kumwambia mnunuzi, huyo ameficha kasoro katika biashara, na hukumu yake inajulikana.

Basi, ukiumwa kichwa na kichefuchefu kila unapokuwa garini, zima injini, shuka, vuta hewa safi, na ukifika kituoni taja gari kabla hujataja malaria. Usilale ndani ya gari injini ikiwa inawaka.

Yule dereva alirudi kwa fundi kuyatafuta masega, akaambiwa mnunuzi ameshaondoka nayo. Aliniuliza kama ni lazima amwambie tajiri. Nikamwambia ndiyo, na leo. Alipiga simu akiwa amesimama chini ya mwembe wa kituo, nami nikarudi ndani kwa wagonjwa.