Laini mbili Johannesburg, kebo moja Kasumbalesa: tusidanganywe

Wakaaji wa Lubumbashi, kuna biashara inayoingia kimyakimya katika ofisi zetu. Mabenki, hospitali na makampuni ya migodi wanauziwa «laini ya binafsi mpaka kwenye wingu». Muuzaji anasema: data yenu haitapita tena kwenye intaneti ya watu wote, tena laini ni mbili, haitakatika kamwe.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tuchukue ExpressRoute ya Microsoft. Kila laini ina viungo viwili, hilo si uongo. Lakini viungo hivyo viko pale mitambo ya mtoa huduma inapokutana na ya Microsoft, kwa mfano Johannesburg. Kutoka huko mpaka kwetu kuna nchi nzima za kuvuka, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Kama njia hiyo yote ni kebo moja, greda moja likiikata, viungo viwili vya Johannesburg vitabaki kutazamana tu. Na mama aliyepanga foleni tangu asubuhi kuchukua mshahara ataambiwa: hakuna koneksio, rudi kesho.

Wanaficha na mengine. Malipo ya laini yanaanza siku ufunguo wa huduma unapotolewa, hata kama kebo haijafika mlangoni kwenu. Tena «binafsi» si «siri»: data inayopita humo haifungwi kwa kodi mpaka muombe na mpange wenyewe. Faili za wagonjwa zinastahili zaidi ya hapo.

Dawa ipo. Kitovu cha Virtual WAN, kikiwa cha aina ya Standard, kinapokea ExpressRoute na VPN pamoja. Kwa kawaida kinatanguliza ExpressRoute. Ikianguka, data inapita kwenye VPN. Lakini VPN hiyo ipite kwa kampuni nyingine na njia nyingine, hata kwa sateliti. Ikipita kwenye kebo ileile, mmelipa mara mbili kwa shimo moja.

Wakurugenzi, kabla ya kutia sahihi, ombeni ramani ya kebo. Kisha mwambieni muuzaji achomoe laini kubwa mbele ya macho yenu, mchana, watu wakiwa kazini. Akikataa, mmepata jibu. Dola mnazolipa zinatoka kwa wateja wenu, na ni wao wanaosimama kwenye foleni.