JE, DILFER ALITOSHA?

Katika miji ya Marekani, kila Jumatatu ya majira ya mpira, swali moja huulizwa viwandani, katika mabasi na kwa vinyozi: je, kwotabeki wetu anatosha? Huenda wasomaji wetu wengi hawaufuati mchezo huo wa Kimarekani, na hatuwalaumu. Lakini kila mtu aliyepata kufanya kazi chini ya msimamizi amekwisha kuulizwa swali hilo mgongoni mwake, naye ana haja ya kujua kipimo kinachotumiwa ni kipi na kimeshikwa na mkono wa nani. Kwa hiyo leo twaomba ruhusa tulichunguze shauri la mtu mmoja, Trent Dilfer wa timu ya Baltimore Ravens, aliyeipatia timu yake ushindi mkuu kabisa mnamo Januari 2001, na kabla mwaka haujafika nusu akawa hana kazi.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Timu iliyo na mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Kila nafasi huanza kwa mpira kupitishwa nyuma kwa mtu mmoja, naye ndiye kwotabeki. Katika muda wa sekunde tatu hivi, huku akikimbiliwa na majitu yenye kilo 130, hana budi kuamua kama ataurusha mpira kwa mwenziwe aliye mbele, atamkabidhi mkimbiaji mkononi, au atakimbia nao mwenyewe. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni alama 6, na teke la nyongeza huleta 1. Kuupiga teke ukapita kati ya milingoti ni alama 3. Mbele ya kwotabeki husimama watu watano ambao kazi yao ni kuwazuia wale majitu wasimfikie. Watu hao hawatajwi na mtu mpaka siku watakapokosea. Tena ulinzi hufanywa na kikosi kingine kabisa cha watu 11, na wakati huo kwotabeki hukaa benchi akitazama kama watazamaji wengine. Jambo hili la mwisho twaomba msomaji alishike sana, maana ndilo linalowachanganya wengi.

Msimu wa 2000 timu ya Baltimore ilikuwa na ulinzi ambao haujapata kuonekana. Katika michezo 16 ya msimu iliruhusu alama 165 tu, nayo ilikuwa rekodi tangu msimu ulipofanywa kuwa wa michezo 16. Ray Lewis aliusimamia ulinzi huo kama mnyapara mkali. Lakini upande wa ushambuliaji mambo yalikuwa ya kuhuzunisha. Mwezi mzima wa Oktoba, michezo mitano mfululizo, hakuna hata mtu mmoja wa Baltimore aliyevuka mstari wa mwisho na mpira. Alama zote 42 za michezo hiyo mitano zilitoka katika mguu wa mtu mmoja, mpigaji wa mateke aitwaye Matt Stover. Na ajabu ni kwamba michezo miwili kati ya hiyo walishinda, maana Cleveland hawakupata kitu, na Jacksonville walipata 10 wakati Stover amekwisha kupata 15.

Kwotabeki wa kwanza, Tony Banks, aliwekwa benchi, na Dilfer akapewa kazi. Je, huyu Dilfer alikuwa nani? Timu ya Tampa Bay ilimchagua mwaka 1994 akiwa mtu wa 6 katika vijana wote wa nchi, ikamtumia miaka sita, ikamwona hafai, ikamwacha. Alikwenda Baltimore kwa kazi ya akiba. Mchezo wa kwanza aliouanza yeye, timu ilishindwa na Pittsburgh alama 9 kwa 6, na bao la kuvuka mstari halikupatikana bado. Mtu angalisema jambo limekwisha. Baada ya hapo Baltimore hawakushindwa tena msimu ule: walishinda michezo 7 iliyobakia, kisha 4 ya mtoano.

Mchezo mmoja kati ya hiyo tungependa kuueleza kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake Dilfer yumo mzima, uzuri wake na ubaya wake. Ilikuwa tarehe 12 Novemba, mjini Nashville, katika uwanja ambao Tennessee Titans hawakuwa wamepata kushindwa tangu ulipofunguliwa mwaka 1999. Timu zilikuwa sawasawa, 17 kwa 17, na wakati ulikuwa unakwisha. Dilfer akarusha mpira vibaya. Beki mmoja wa Tennessee, Perry Phenix, akaunasa na kukimbia nao yadi 87 mpaka ng'ambo ya mstari. Ikawa 23 kwa 17, na kosa lilikuwa la Dilfer, hakuna wa kumsingizia. Teke la nyongeza la Tennessee likaenda kombo. Basi mtu yule yule aliyekwisha kuiponza timu yake akarudi uwanjani, akaisogeza yadi 70 pasipo kutetemeka, na ilipobaki chini ya nusu dakika akampa Patrick Johnson mpira wa bao. Stover akaongeza alama 1: 24 kwa 23. Tennessee walipata nafasi ya teke la mwisho, nalo likakosa milingoti.

Asemaye kwamba Dilfer alishinda mchezo ule amesema kweli. Asemaye kwamba alikaribia kuupoteza, naye amesema kweli.

Katika mtoano waliwatoa Denver 21 kwa 3, wakarudi Nashville wakashinda 24 kwa 10, wakaenda Oakland wakashinda 16 kwa 3. Huko Oakland Dilfer alirusha mpira mfupi tu, na Shannon Sharpe akaupokea na kukimbia nao mpaka mwisho, jumla ya yadi 96. Hesabu ya yadi zote hizo iliandikwa katika jina la Dilfer, na sisi hatuoni haya kusema kwamba nyingi zilikuwa za miguu ya Sharpe. Fainali, ambayo Wamarekani huiita Super Bowl, ilichezwa tarehe 28 Januari 2001 mjini Tampa, mji ule ule uliomwona Dilfer hafai. Baltimore waliwafunga New York Giants 34 kwa 7, na hizo 7 zenyewe Giants walizipata kwa kukimbia na mpira wa kuanzia. Ulinzi wa Baltimore haukutoa hata alama moja. Dilfer alirusha mipira 25, wenziwe wakadaka 12. Mmoja ulikuwa wa bao, yadi 38, kwa Brandon Stokley. Hakuna mpira wake ulionaswa na adui.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe. Miezi michache baadaye wakuu wa timu walikataa kumpa Dilfer mkataba mpya, wakamwajiri Elvis Grbac kutoka Kansas City. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi wakuu wale hatutawanyima haki yao. Walikuwa na hoja. Katika msimu ule Dilfer alirusha mipira 12 ya mabao, na mingine 11 ikanaswa na wapinzani: hiyo si hesabu ya kujivunia. Grbac, mwaka ule ule, alikuwa amerusha jumla ya yadi 4,169 na mabao 28. Tena mwalimu wa timu, Brian Billick, alikuwa fundi wa ushambuliaji. Mwaka 1998 alikuwa Minnesota, ambako timu ilifunga alama 556, rekodi ya siku zile. Mtu wa namna hiyo hapendi kushinda kwa kumwomba mpigaji wa mateke kila wiki. Aliona kwamba ulinzi ule hautadumu milele, na kwamba siku utakapochoka ushambuliaji utapaswa kubeba mzigo. Kutafuta mtu aliye bora zaidi ni wajibu wa kila kiongozi, na sisi hatusemi kwamba mfanyakazi akishafaulu mara moja asiguswe tena.

Lakini waliupimaje ubora huo? Hapa ndipo tunapotofautiana nao. Kansas City, pamoja na yadi zote 4,169 za Grbac, walishinda michezo 7 na kushindwa 9. Timu iliyo nyuma kwa alama hurusha mpira mara nyingi kwa kuwa haina njia nyingine, na hesabu za mrushaji hupanda. Timu iliyo mbele humkabidhi mkimbiaji mpira na kuuacha muda upite; hesabu za mrushaji hushuka. Dilfer alikuwa ameambiwa kazi yake: usiutupe mpira kwa adui, mpe Jamal Lewis akimbie, waache wenzako walinde. Jamal Lewis, kijana wa mwaka wa kwanza, alikimbia yadi 1,364 msimu ule nyuma ya migongo ya Jonathan Ogden na wenziwe. Dilfer aliitii kazi ile. Kisha akapimwa kwa kazi nyingine ambayo hakuagizwa kuifanya, akaonekana amepungukiwa.

Kuna wanaotuambia kwamba mtu yeyote angaliweza kushinda akiwa na ulinzi ule. Hao tungewauliza: mbona Banks, aliyekuwa na ulinzi ule ule, hakuvuka mstari mwezi wa Oktoba? Na mbona Grbac, mwaka 2001, akiwa na Ray Lewis yule yule, alirusha mabao 15 na mipira 18 ikanaswa? Haki yatulazimisha kuongeza kwamba Jamal Lewis aliumia goti kabla ya msimu ule kuanza, asicheze hata mara moja, na hilo si kosa la Grbac. Hata hivyo hiyo ndiyo hoja yetu. Mkimbiaji alipoondoka, mtu mwenye hesabu nzuri naye akaonekana hatoshi. Timu ilishinda michezo 10 ikashindwa 6, ikawatoa Miami, kisha ikafungwa na Pittsburgh 27 kwa 10 katika mtoano, siku ambayo mipira mitatu ya Grbac ilinaswa.

Yafaa pia kukumbuka mji wa Baltimore ulikuwa na macho ya namna gani. Huo ni mji wa Johnny Unitas. Kizazi kizima cha wafanyakazi wa bandari na wa viwanda vya chuma kilimwona Unitas akiongoza Colts kuwafunga Giants mwaka 1958 katika muda wa nyongeza, na rekodi yake ya kurusha bao katika michezo 47 mfululizo ilidumu mpaka 2012. Kila aliyekuja baada yake alipimwa kwa kimo chake. Wanaosahau husahau kwamba Unitas mwenyewe, mwaka 1955, alifukuzwa na Pittsburgh kabla ya kuchezeshwa mchezo mmoja wa ligi; wenye timu walimtazama wakasema hatoshi.

Wala kipimo hiki hakijanyooka tangu hapo. Lamar Jackson wa timu hiyo hiyo ya Baltimore alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2019 na tena kwa msimu wa 2023, na kwa kuwa mpaka mwisho wa msimu wa 2024 alikuwa hajafika Super Bowl, wapo waliosema hatoshi. Dilfer alikuwa na ushindi bila hesabu, wakamwambia alete hesabu. Jackson alikuwa na hesabu, wakamwambia alete ushindi. Mwenye kupima akiweza kubadili jiwe la mizani kila apendapo, sisi hatuoni ni nani atakayepata kutosha.

Dilfer alikaa bila timu mpaka Agosti 2001, zaidi ya miezi sita baada ya kulinyanyua kombe, ndipo Seattle wakamchukua awe mtu wa akiba. Walimwanzisha katika michezo minne msimu ule, naye akashinda yote minne. Grbac aliacha mchezo mwaka 2002. Baltimore, wakiwa hawana huyu wala yule, waliuanza msimu wa 2002 na Chris Redman, wakaendelea na Jeff Blake, wakashinda michezo 7 na kushindwa 9. Mwaka 2003 walimchagua Kyle Boller, naye akaulizwa swali lile lile kwa miaka kadhaa. Ilikuwa 2008 walipompata Joe Flacco, na haikupata kuwa Februari 2013 ndipo kwotabeki mwingine wa Baltimore alipolishika kombe ambalo Dilfer alilishika Tampa.