Kimya cha Maiti Si Ruhusa

Kuna sheria moja inayotembea ulimwenguni, nayo imekwisha kuwafikia ndugu zetu wengi walioko ng'ambo. Bunge la Uingereza liliipitisha mwaka 2019, ikaanza kazi tarehe 20 Mei 2020. Wales ilitangulia tangu Desemba 2015, na Scotland ikafuata mwaka 2021. Yasema hivi: mtu mzima akifa, na hakuacha neno lolote la kukataa, basi huchukuliwa kwamba alikubali figo zake, ini lake, moyo wake na kadhalika vitolewe wapewe wagonjwa. Kazi ya kwenda kujiandikisha ni ya yule asiyetaka. Jina lake ni ridhaa ya kudhaniwa, nami sijapata kuona jina lililojisema vyema kama hilo, maana dhana ni dhana.

Nataka nieleweke mapema. Silipingi tendo la kutoa kiungo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda Februari 1988 ililijuzisha, kwa sharti kwamba marehemu aliruhusu alipokuwa hai, au warithi wake waruhusu baada yake. Na kwa asiyejulikana au asiye na warithi, ruhusa ni ya mwenye mamlaka juu ya Waislamu. Wako maulamaa, hasa wa Bara Hindi, waliokataa, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ndiyo maana mwosha wetu hulibonyeza tumbo la maiti taratibu, kama ambaye anaogopa kumwamsha. Lakini Qur'ani nayo imelinganisha kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote, nami naegemea kwa waliojuzisha.

Mzozo wangu uko kwenye kimya.

Bwana mmoja msomi aliniambia kwamba sisi Waislamu hatuna haki ya kulalamika, kwa sababu dini yetu wenyewe yakubali kimya kuwa ni ridhaa: bikira akinyamaza, si huozwa? Mfano ni wa kweli, ila ameukata kichwa. Bikira yule ameulizwa. Walii wake amekwenda kwake, akamtajia fulani bin fulani, kisha akangoja. Kimya kimekuja baada ya swali, kina haya ndani yake, na watu wa nyumba ile wanaijua maana yake. Lau angepiga ukelele wa kilio au kujipiga uso, kimya hicho kisingekuwa na kazi. Tena vitabu vya Shafi, madhehebu tunayoyafuata mwambao huu, vinasema kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, kimya chake hakitoshi, sharti atamke. Na iko kanuni mashuhuri inayonasibishwa kwa Imamu Shafi mwenyewe, kwamba aliyenyamaza hatwikwi kauli. Wapokezi wa kanuni hiyo wameiwekea vipengele vyake, lakini sijaona kipengele hata kimoja cha mtu asiyewahi kuulizwa.

Sasa mtazame mzee aliyetoka Lamu au Barawa, yuko London kwa mwanawe, Kiingereza chake ni cha kununulia mkate. Sheria hii ilianza wakati watu wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, na kila habari ni ya vifo. Tangazo limepita kwenye televisheni, naye amelala kitini. Ni lini aliulizwa? Haki ni haki, niseme pia kwamba huko Uingereza madaktari bado huzungumza na jamaa wa marehemu, na katika daftari la wanaotoa viungo pana mahali pa kuomba mambo ya dini ya mtu yaangaliwe. Hilo ni jema. Lakini wema huo umesimama juu ya adabu ya madaktari, na adabu hubadilika na watu wake.

Mfano unaotugusa zaidi uko Singapore, kisiwa ambacho Waislamu wake ni wachache, wengi wao Wamalay. Mwaka 1987 nchi ile ilitunga sheria ya figo: anayekufa kwa ajali na hakuwa amekataa, figo zake huchukuliwa. Waislamu wakawekwa kando. Wao walihesabika kuwa wamekataa mpaka waseme wenyewe kwamba wanatoa. Kwa juu juu ilikuwa ni heshima kwa dini. Lakini sheria ile ile ilikuwa na kifungu kingine, kwamba aliyekataa, siku akiugua yeye, huwekwa nyuma katika orodha ya wanaongoja figo. Basi Mmalay mwenye figo mbovu akajikuta nyuma ya foleni kwa neno ambalo hakulisema. Kimya chake kilisomwa kuwa ni la. Kimya cha jirani yake Mchina, katika jengo lile lile la ghorofa, kilisomwa kuwa ni naam. Wala hakuna kati yao aliyefungua kinywa! Mambo yakaenda hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka Baraza la Dini ya Kiislamu la huko lilipotoa fatwa mwaka 2007, na tangu Agosti 2008 Waislamu wakaingizwa katika sheria pamoja na wenzao.

Mwaka huo huo wa 2007, katika hospitali moja ya kisiwa hicho, madaktari waliamua kwamba ubongo wa mgonjwa umekufa. Jamaa zake walipiga magoti wakilia, wakiomba wangojewe muda zaidi labda atazinduka. Madaktari walikuwa wamekwisha kungoja, na viungo haviwezi kungoja milele, wakamchukua. Mimi siwalaumu madaktari, na hata kifo cha ubongo kilikubaliwa na Majmaa katika kikao cha Amman mwaka 1986. Sheria haikuvunjwa hata kidogo siku ile, na hilo ndilo linaloniudhi, kwamba watu wapige magoti kuomba maiti wao na sheria isiwe na mahali pa kuwaweka.

Watetezi wa ridhaa ya kudhaniwa husema Hispania yaongoza ulimwengu kwa utoaji wa viungo, na ina sheria hiyo tangu 1979. Ni kweli. Lakini waulizeni Wahispania wenyewe. Daktari Rafael Matesanz, aliyeanzisha shirika lao la taifa la upandikizaji mwaka 1989, kila mara alieleza kwamba siri yao ni watu maalumu waliowekwa mahospitalini, waliofunzwa kuketi na wafiwa na kuwauliza. Familia zikikataa, viungo haviguswi. Sheria ipo kabatini. Kinacholeta figo ni swali. Na Brazil je? Ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1997, watu wakaingiwa na hofu, wakamiminika kuandikiwa katika vitambulisho vyao kwamba wao hawatoi. Mwaka 1998 ikafutwa.

Ataniuliza msomaji: na anayekufa kwa kukosa figo, umempa nini? Tunawajua. Mara mbili kwa wiki kwenye mashine ya kusafishia damu, duka limefungwa, kiwanja kimeuzwa, na watoto wanatazamana nani atampa baba figo ili wapande ndege kwenda India. Huruma yangu iko kwao. Lakini atakayewaponya ni mtu aliyesema nimetoa, mbele ya mkewe na wanawe, wala hataogopwa na mtu.

Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 haijaingia njia hiyo ya kimya. Inamtaka mtu aseme: kwa wasia, au kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, au kwa ulimi wake mbele ya mashahidi wawili. Hapana shaka msomaji ameusikia mwangwi wa vitabu vyetu hapo. Asiposema, jamaa zake wa karibu ndio wenye neno. Mimi naiona sheria hiyo ni bora kuliko ya London, na atakayetaka kuibadilisha tumwulize kwanza habari za Eldoret, ambako mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi kwa tuhuma za biashara ya viungo. Mahali ambapo figo ya aliye hai yashukiwa kuuzwa, maiti asiyesema atalindwa na nani?

Kinachokosekana ni muulizaji. Katika mahospitali yetu ya pwani awekwe mtu wa kazi hiyo, mwenye Kiswahili cha kuzungumza na wafiwa, anayejua nani katika ukoo ndiye wa kuambiwa kwanza, asiyekuja na karatasi mkononi kabla ya kutoa pole. Na ajue kwamba kaburi letu limekwisha kuchimbwa, watu wanangoja msikitini, na sala ya alasiri haiahirishwi.