Trela la Tajiri, Faini ya Dereva

Ndugu wafanya kazi,

Mimi ni mtu wa reli, wala sijapata kushika usukani wa lori. Huenda mwenzangu akaniuliza, mambo ya trela yakuhusu nini? Nitajibu. Hapa Maringo twakaa ukuta kwa ukuta, mtu wa reli na dereva wa lori, na maji twateka bomba moja. Taabu ikiingia kwa jirani, sauti yake yapita ukutani.

Jirani yangu mmoja ni dereva. Siku moja alipewa lori lenye trela kule Industrial Area, apeleke mzigo nje ya mji. Taa za nyuma za trela zilikuwa zimekufa, naye alikwisha mwambia tajiri wake mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile: "Chukua pesa ya barabara, nenda." Alipofika Outer Ring akasimamishwa, trela likatazamwa, taa hazikuwaka. Kesho yake alisimama kortini peke yake. Faini aliilipa kwa karo ya mtoto, na tajiri akamkata mshahara wa siku mbili alizokosa kazini.

Sasa nauliza: ni nani aliyevunja sheria?

Msinielewe vibaya. Mimi sipingi ukaguzi wa barabarani. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lililobeba kontena liliwaangukia watu kando ya njia, wakafa zaidi ya 50. Na trela lililokwama usiku bila taa ni ukuta mweusi katikati ya barabara. Sheria yataka trela liwe na namba yake lenyewe, ile inayoanza kwa herufi Z, liwe limekaguliwa, liwe na taa na breki, na alama za kung'aa nyuma. Yataka dereva awe na leseni ya daraja la CE. Kwenye mizani ya Mariakani, Gilgil na Webuye, uzito nao hupimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 yasema lori na trela lake, hata likiwa na ekseli saba, lisizidi tani 56. Hayo yote ni mema.

Lakini itazameni orodha hiyo vizuri. Leseni ni ya dereva. Taa, breki, namba na ukaguzi ni vya mwenye mali. Hata uzito, mara nyingi dereva hukuta mzigo umekwisha pakiwa.

Kule Uingereza watu hukokota nyumba za magurudumu wakienda likizo, nao husimamishwa na askari vilevile, wakatazamwa taa na uzito. Lakini yule anayekokota kwa kawaida ndiye mwenye trela. Kosa na mali viko katika mkono mmoja. Kwetu viko katika mikono miwili, na sheria hukamata mkono ulio karibu.

Sisi watu wa reli tuna desturi nyingine. Treni haiondoki mpaka mkaguzi amepita kwenye mabehewa na breki zimejaribiwa. Behewa bovu hutiwa alama, likatengwa kando mpaka fundi alitengeneze. Dereva wa treni haambiwi, "Nenda nalo, ukikamatwa utajitetea." Kwa nini basi mwenzetu wa lori aambiwe hivyo?

Nitawaambia kwa nini. Kwa matajiri wengine, pesa ya barabara ni rahisi kuliko taa mpya. Leo atatoa kidogo, kesho kidogo, na trela lazidi kuoza. Hongo hiyo haimlindi dereva, ndugu zangu. Yalilinda trela bovu lisitoke barabarani. Na siku askari mwaminifu akisimama njiani, anayeingia rumande ni dereva, si tajiri. Kwa hiyo dereva anayepokea pesa ile ajue kwamba analipiwa kufungwa kwake.

Mtasema, akikataa atafukuzwa, na wengine hamsini wanangoja langoni. Ni kweli, mtu mmoja akikataa. Ndiyo maana tuna chama. Tena sheria haikutuacha uchi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi wajibu wa kumwarifu msimamizi juu ya hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aambiwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa.

Basi naomba chama chetu na vyama vya madereva vikae pamoja na kudai mambo matatu. Kwanza, trela lisitoke uani bila karatasi ya ukaguzi iliyotiwa sahihi na fundi na dereva, nakala moja ibaki kwa dereva. Pili, faini ya ubovu wa trela ilipwe na mwenye trela, naye aitwe kortini. Tatu, dereva anayekataa trela bovu asiguswe kazi yake.

Na mpaka hayo yapatikane, dereva asimwambie tajiri kwa mdomo. Aandike. Maneno hupeperuka, karatasi hukaa.

Wako wenzangu wa reli wasemao kwamba madereva wa lori wanatunyang'anya mizigo. Mwaka 2019 makontena ya Mombasa yaliamriwa yapande treni, mwaka 2022 amri ikageuzwa, na kila mara upande mmoja ulilia na mwingine ukacheka. Tusicheke. Wenye mali hufurahi wakiona mtu wa reli na mtu wa lori wanatazamana kwa jicho baya. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini anayeubeba ndiye ajuaye uzito wake, na kesho huenda ukawa begani mwako.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,

Mtu wa Reli, Maringo