Wazee wenye ugonjwa wa kusahau: Makazi ya Tabora yanahitaji nini?

Makazi ya Wazee ya Ipuli, mjini Tabora, ni miongoni mwa makazi ya serikali kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo mlezi wa kwanza, na makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo mara nyingi anayefika huko hana ndugu, au anao lakini wamemwacha. Tunajiuliza: mzee huyo akianza kupoteza kumbukumbu, nani atamjua?

Si uzee tu

Wengi wetu husema "uzee umemfikia" na kuishia hapo. Lakini demensia ni hali inayotokana na magonjwa ya ubongo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, uliwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, ukakuta takribani 6 kati ya kila 100 wanayo. Wengi walikuwa wakiishi nyumbani bila kuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Si kila anayechanganyikiwa ana demensia. Mzee aliyebadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Huyo anahitaji hospitali haraka.

Kusahau kunapoitwa uchawi

Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, jambo hili ni la kufa na kupona. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa huko kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni. Bibi anayetoka nje usiku, anayezungumza peke yake au anayeingia kwa jirani akidhani ni kwake, anaweza kutuhumiwa kwa dalili za ugonjwa. Kuwaeleza majirani na viongozi wa kijiji kuhusu demensia ni sehemu ya ulinzi wa wazee.

Mji wa wapitaji

Tabora ilikua kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, kisha ikawa makutano ya reli. Ni mji wa watu waliotoka mbali. Hilo lina maana kwa matunzo, kwa sababu anayeugua demensia husahau ya jana kwanza, huku ya utotoni yakidumu. Anaweza kuacha Kiswahili na kurudi kwenye Kinyamwezi, Kiha au Kirundi. Mhudumu asiyejua lugha hiyo atadhani mzee anaropoka, kumbe anaomba maji.

Ndiyo maana tunaona kazi ya kwanza ni kuandika historia ya kila mzee siku anayopokelewa, angali anaweza kuisimulia: lugha yake, jina alilozoea kuitwa, kazi aliyofanya, chakula anachopenda, anachokiogopa. Kama hana ndugu, daftari hilo ndilo ndugu yake.

Yanayowezekana sasa

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Mhudumu yuleyule amhudumie mzee yuleyule, na kula, kuoga na kulala kuwe na saa zake. Njia ya chooni iwe na taa, na mlango wa chumba chake uwe na alama anayoitambua. Akisema anamngoja mama yake, asibishiwe. Aulizwe mama alikuwa mtu wa namna gani. Apewe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage, asishinde amekaa kivulini bila neno.

Linalohitaji bajeti ni wahudumu wa kutosha, mafunzo yao na zamu ya usiku. Mzee anayetangatanga saa nane za usiku hawezi kulindwa na mlinzi mmoja wa getini. Tutakapowasikiliza wanaoomba kura au wanaopanga bajeti wakiahidi kuwaenzi wazee, tuwaulize swali hilo: usiku, nani yuko zamu?